Nimemshauri mteja aachane na fleksi, akavuka barabara: wenye ofisi za dizaini tunaweza kushirikiana vipi?

#1 Mchapaji_Ilala

Wakuu, habari za jioni.

Nina ofisi ya dizaini na uchapaji maeneo ya Ilala, huu mwaka wa tisa. Tuko watano: wadizaini wawili, kijana wa mashine, fundi wa kufunga mabango, na mimi ninayefanya yote yaliyobaki, kudai madeni ikiwemo.

Mwezi uliopita alikuja mteja wangu wa siku nyingi. Anataka mabango 40 ya fleksi, ile plastiki ya kuchapia matangazo, mita 1 kwa mita 2, ya tamasha la siku moja. Nikamkalisha. Nikamwambia kaka, hili tamasha mnalifanya kila mwaka, jina lilelile, nembo ileile, kinachobadilika ni tarehe na wadhamini wawili watatu. Kwa nini tusichape kwenye kitambaa, tarehe tukaiweka kwenye kipande cha kubandika na kubandua? Mwakani unaleta yaleyale, tunabadilisha kipande tu. Akanisikiliza vizuri, soda yangu akanywa, akasema ngoja aongee na bosi. Saa kumi jioni namuona ng'ambo ya barabara anapakia mzigo kwenye bajaji. Fleksi ileile, tarehe imekaa katikati kama jua la saa sita.

Jirani simlaumu. Wiki hiyohiyo mimi nilimchukulia mteja wake kwa sababu wino wake ulikata. Ndivyo tunavyoishi hapa mtaani.

Kilichoniuma ni cha baadaye. Tamasha likaisha, fundi wa jirani anaumwa, akaniomba wangu akashushe mabango. Kijana akarudi nayo yote kwenye kirikuu, ananiuliza ayashushe wapi. Mteja hayataki. Jirani hana stoo. Basi yako kwangu. Nimeyapima kwa mizani ya magunia: kilo 35 na ushee. Nikienda nyuma kutafuta ngazi nakanyaga tarehe ya mwezi uliopita.

Swali langu ni hili. Mimi nikiwa mwema peke yangu, nafunga ofisi. Je, sisi wenye biashara za dizaini, iwe uchapaji, fenicha, nguo, mapambo ya ndani au majengo, tunaweza kushikana vipi ili hata mteja akivuka barabara akute jibu ni lilelile? Naomba majibu ya watu wanaolipa kodi ya pango. Semina nimehudhuria, vile vitambulisho vya kuning'iniza shingoni ninavyo droo nzima (vingine nilivichapa mwenyewe).

#2 Kijiko_cha_Chai

Naweka kiti hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Bepari_Mstaarabu

Mkuu pole, ila tuwe wakweli. Mtu kaja na hela yake, wewe unampa darasa. Angeenda kununua nyanya aanze kuulizwa habari za mbolea? Mchapie anachotaka. Ukitajirika panda miti.

#4 Dada_Mizani

Bepari, tatizo lako unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama dampo.

Mimi nanunua plastiki kwa waokotaji, Dar hapahapa. Chupa za maji nachukua, ndoo zilizopasuka nachukua, hata viti vilivyovunjika miguu. Fleksi sichukui, na simjui mnunuzi mwenzangu anayechukua. Sababu ni hii: ile si plastiki moja. Katikati kuna wavu wa nyuzi za polyester, juu na chini umebanwa na PVC, halafu ninyi mmemwagia wino. Kutenganisha hivyo vitu ni kazi ghali kuliko malighafi yenyewe. Ukiisaga pamoja, nyuzi zinaharibu kila kitu.

Na tafadhali msimwachie mlinzi aichome nyuma ya ofisi. PVC yenyewe zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua inatoa gesi ya asidi, na moto wenyewe wa pale nyuma ya ukuta ndio ule wa chinichini unaozalisha dioksini, sumu mbaya sana.

Ila Mchapaji, nikusahihishe kitu kimoja. Fleksi haifi siku tamasha linapoisha. Pita uswahilini mvua ikinyesha, angalia juu ya mabanda: sura za wagombea, ofa za simu, harusi za watu, zote zimeezeka. Anayefunika mkaa anaihitaji, mama wa genge anaihitaji. Inaisha pale jua linapoikausha mpaka inaanza kumeguka vipande, na hapo inaingia mtaroni. Kwa hiyo ukianza hesabu zako, anza na miaka miwili mitatu ya pili, maana ipo.

#5 Mpemba_Leicester

Assalaam alaykum wadau. Niko Uingereza, nafanya kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo (si msanifu, mimi mchoraji wa michoro). Hili swali la Mchapaji huku wameliparamia kwa nguvu, na naona faida kueleza walipofaulu na walipojikwaa.

Tarehe 30 Mei 2019 ofisi 17 za wasanifu, zote zimewahi kushinda Tuzo ya Stirling (tuzo kubwa ya usanifu majengo huku), zilitangaza pamoja kwamba kuna dharura ya tabianchi na kwamba watabadilisha namna ya kufanya kazi. Wakajiita Architects Declare. Wakafuata wahandisi, wapambaji wa ndani, baadaye na watu wa grafiki. Ofisi yetu ilisaini. Siku ile tulikula keki.

Desemba 2020 Foster + Partners wakajitoa, na Zaha Hadid Architects nao wakafuata mara moja. Wote wawili walikuwa miongoni mwa wale 17. Ugomvi ulikuwa viwanja vya ndege. Foster walikuwa wanasanifu kimoja Saudi Arabia, wenzao wakauliza: hiki na lile tangazo vinakaaje nyumba moja? Tangazo halikuwa na jibu, kwa sababu lilikuwa limeandikwa ili kila mtu aweze kulisaini.

Sasa linganisha na LETI. Hawa walianza 2017, ni watu wa kujitolea, wafanyakazi wa ofisi mbalimbali ambazo mchana zinagombania tenda moja. Jioni wanakaa pamoja wanaandika namba: nyumba ya aina hii isizidi kiasi hiki cha umeme kwa mita ya mraba kwa mwaka, ukuta uvujishe joto si zaidi ya hapa. Mwongozo wao wa 2020 sisi tunaufungua kila wiki. Mteja akiuliza "nani kasema?" hatumjibu "sisi tumesema". Tunamwambia hiki ni kipimo cha fani nzima, nenda ofisi yoyote. Septemba 2024 wakubwa wa sekta, LETI wakiwemo pamoja na vyama vya wasanifu, wahandisi na wapima, wakatoa kipimo cha pamoja cha majengo yasiyoongeza kaboni, toleo la majaribio.

Kwa hiyo Mchapaji, ukiniuliza mimi, tangazo lina keki. Kipimo ndicho kinamzuia mteja kuvuka barabara.

#6 Kijiko_cha_Chai

"Tangazo lina keki." Nimeiba hiyo.

#7 Mchapaji_Ilala

Wa alaykum salaam Mpemba, shukrani sana. Dada Mizani, nimekuelewa, na habari ya mlinzi imenigusa kwa sababu ninaye huyo mlinzi.

Sasa nawaza hivi. Mtaani kwetu wenye mashine kubwa hatufiki 15. Tukikaa siku moja tukakubaliana: fleksi ya shughuli ya siku moja hakuna anayechapa, na kitambaa bei ya chini kwa mita ya mraba ni hii, asishuke mtu. Si imeisha?

#8 Wakili_wa_Pembeni

Mkuu, simamisha kalamu kabla hujaandika mihtasari ya hicho kikao.

Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 inakataza vitu vitatu baina ya washindani, hata mkiwa wadogo kiasi gani: kupanga bei pamoja, kususia kwa pamoja, na kula njama kwenye zabuni. Wewe kwenye aya moja umegusa viwili. Nia njema haikuponyi.

Kisa kipo, na kinafanana na chako ajabu. Watengenezaji wa sabuni ya unga Ulaya walikaa kwenye chama chao kupanga jinsi ya kuipunguzia sabuni madhara kwa mazingira: unga kidogo, boksi dogo. Jambo jema kabisa. Humohumo kwenye vikao wakaanza kukubaliana kwamba boksi likipungua bei isipungue, soko la kila mmoja libaki lilivyo. Iliendelea kuanzia 2002 hadi 2005 kwenye nchi nane. Aprili 2011 Kamisheni ya Ulaya ikawapiga Procter & Gamble na Unilever faini ya jumla ya yuro milioni 315.2. Mwenzao Henkel alisalimika kwa sababu ndiye aliyekwenda kusema.

Msiogope lakini. Kuna mengi mnayoweza kufanya pamoja bila kugusa bei wala kumsusia mtu: kununua malighafi pamoja, kuandika sifa za kazi bora na kumwachia kila mtu uhuru wa kuzifuata, kukusanya mabaki, kufundishana. Bei kila mtu aipange chumbani kwake. Na mkifika mahali mnataka kuwekeana masharti, tafuteni wakili halisi, si wa pembeni kama mimi, au mkawaulize Tume ya Ushindani kabla.

#9 Bepari_Mstaarabu

Kumbe hata wema una faini. Nimefurahi leo.

#10 Mzee_wa_Keko

Vijana, mimi ni seremala, natengeneza fenicha Keko tangu mbao za mninga zinakuja zimejaa lori. Siandiki sana humu lakini hili nalijua.

Mnahangaika na swali la mdogo atawezaje. Nendeni Kilwa mkaulize. Kule vijiji vina misitu yao ya mpingo, sheria ya misitu ya 2002 inawapa kuimiliki na kula mapato yake. Ukitaka kuuza mpingo kwa watengenezaji wa zumari za kizungu huko nje, wanataka cheti cha FSC, kwamba mti haukuibwa na msitu haukumalizwa. Hicho cheti ukaguzi wake ni ghali. Kijiji kimoja hakiwezi hata kulipa nauli ya mkaguzi.

Walichofanya ni cheti kimoja cha kundi. Shirika la kule, MCDI, ndilo limeshika cheti, vijiji vinaingia ndani yake kama wanachama. Kila kijiji kina mpango wake wa kuvuna na kitabu chake cha hesabu. Mkaguzi akija hapiti vyote, anachagua baadhi. Ukiwa na kijiji kimoja kinachodanganya, wote mko hatarini, kwa hiyo wanachungana wenyewe. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi wakapata, na ndiyo misitu ya asili ya wanavijiji ya kwanza Afrika kupata cheti hicho.

Sasa nyie mko ofisi 15 mtaa mmoja, umeme upo, simu zipo. Mnashindwa nini?

Nami nina deni langu. Sisi Keko mbao tunanunua usiku, hatuulizi imetoka wapi, kwa sababu ukiuliza, muuzaji anampelekea wa pili. Ni ileile barabara ya Mchapaji.

#11 Mchapaji_Ilala

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuchungana wenyewe umenipa kitu.

#12 Mzee_wa_Keko

Marahaba mwanangu.

#13 Otis_RiverRoad

Wadau wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu serikali ilitangulia, na mmeona. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, ninyi mkafuata Juni 2019. Kuna kitu watu hawakisemi kuhusu ile marufuku: hakuna duka lililopoteza mteja kwa jirani. Wote tuliamka siku moja hatuna mifuko. Uchungu uligawanywa sawa.

(Ingawa ile mifuko ya kitambaa-kitambaa iliyoletwa badala yake mingi ni polipropilini. Plastiki iliyovaa koti. Haya, tuendelee.)

Baada ya mifuko, wenye viwanda vya vinywaji waliona chupa ndizo zinafuata. Hawakungoja. Mwaka 2018 wakaunda PETCO Kenya: washindani wa soda na maji, kila mmoja anachangia kulingana na tani anazoingiza sokoni, ile pesa inasukuma ukusanyaji wa chupa. Nitasema ukweli, mito yetu bado ina chupa. Lakini angalia umbo lake: unachangia kulingana na uchafu wako, si kulingana na huruma yako. Tangu sheria ya taka ya 2022, wajibu wa mzalishaji juu ya taka zake umo kwenye sheria kabisa, na sisi wachapaji tumeanza kuulizana fleksi itaangukia kwa nani: aliyeiingiza nchini, aliyeichapa, au aliyeweka sura yake juu.

Ofisi zikiwa chache kama zenu, mnaweza kufanya toleo dogo la hilo. Kila roli ya fleksi unayofungua, unaweka kitu kwenye kopo.

#14 Cherehani_Arusha

Jamani naingia kidogo. Nashona mikoba. Miaka miwili iliyopita nilipokea fleksi za bure kutoka ofisi moja nikasema nitatajirika kama wale ndugu wa Zürich, Freitag, wanaoshona mikoba kwa maturubai ya malori tangu 1993.

Nilichojifunza: turubai la lori si fleksi. Turubai ni zito, limetengenezwa kupigwa na mvua ya miaka. Fleksi ya gramu 440 kwa mita ya mraba ukiikunja mara mia pale kwenye mkunjo inaanza kuonyesha nyuzi. Sindano ya kawaida inaruka mishono, tumia sindano ya ngozi. Na usitoboe mara mbili palepale, tundu halifungi, maji yanapita. Nilishona mikoba 60, ishirini na kitu ikarudi.

Inayokaa vizuri ni vitu visivyokunjwa: mifuko ya kuoteshea miche, kifuniko cha pikipiki, mkeka wa fundi wa magari wa kulala chini ya gari. Huo mkeka wa fundi unauzika. Lakini msidanganyane kwamba mikoba itamaliza stoo ya Mchapaji. Mimi mmoja kwa mwezi nakula kilo 20 nikijitahidi sana.

#15 Afisa_Kivuli

Nimesoma yote. Nimefanya kazi kitengo cha manunuzi kwenye taasisi (msiniulize ipi), na niwaambie mnapigana na mtu asiyehusika. Yule aliyekunywa soda ya Mchapaji hana mamlaka ya kubadilisha chochote.

Tunavyofanya ni hivi. Idara inaleta ombi la mabango. Mimi nafungua faili la mwaka jana, nakopi sifa: "bango, fleksi, gramu 440, vishimo vya chuma kila pembe". Hiyo sentensi niliikuta. Aliyenitangulia naye aliikuta. Ikishapanda kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, mzabuni akileta kitambaa hata kama ni kizuri mara kumi, hajakidhi sifa, anatoka. Wewe Mchapaji unaanza kushauri siku ambayo mlango umeshafungwa.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Ofisi moja ikiniletea karatasi inasema "badilisha fleksi iwe kitambaa", mimi naogopa kuigusa. Mkaguzi ataniuliza kwa nini nimeandika sifa zinazomfaa mzabuni mmoja. Lakini ofisi 10 zinazoshindana zikileta ukurasa mmoja uliokubaliwa na wote, wenye uzito, upana, namna ya kushona pindo, na maneno yanayosema bango lisiwe na tarehe iliyochapwa moja kwa moja kama shughuli inajirudia, hapo nina kitu cha kuweka kwenye faili. Kinaniponya mimi. Mkitaka afisa afanye jambo, mpeni karatasi ya kumponya.

Na uleteni mapema, idara zinapopanga bajeti, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Oktoba mtakuwa mnanipigia kelele tu.

#16 Mpemba_Leicester

Afisa Kivuli ametoa zote. Hicho ndicho LETI walifanya, isipokuwa yeye kakieleza kwa mistari mitano.

#17 Mchapaji_Ilala

Afisa, nimeisoma mara tatu. Nimempigia jirani (yule yule) tukakaa nje kwenye viti vya plastiki mpaka saa nne usiku. Wakili, bei hatukuitaja, naapa.

Tulianza na roli. Roli ya fleksi tunayotumia ina upana wa mita 3.2. Akija mtu na bango la mita 2.3 kwa 5, pembeni inabaki ukanda wa sentimita 90 kwa mita 5. Ni mita za mraba 4.5 kati ya 16 ulizokata, yaani zaidi ya robo, zinaenda kufunga vifurushi. Kwangu siku hiyo sina kazi ndogo ya kujaza pale. Yeye anazo: mabango mawili ya kusimama ya sentimita 85 kwa mita 2 yanaingia mle bila kusuguana. Siku ya pili inakuwa kinyume. Miaka tisa tumetupa ukanda wa mwenzetu.

Basi tumekubaliana faili dogo la pamoja kwenye simu: mwenye ukanda anaandika upana, urefu na saa anayochapa. Mwenye kazi inayotosha anatuma. Anayetoa ukanda anamtoza mwenzake anavyoona.

Kitu cha pili ni kitambaa. Kwa nini mimi kitambaa kinanitoka ghali? Muagizaji hakati, anauza mzigo mzima, na mimi peke yangu nautumia miezi sita, hela imelala. Tukiwa sita unaisha kabla ya mwezi. Na tofauti ya uzito si mchezo: yale mabango 40 ya kilo 35, kwenye kitambaa cha gramu 110 yasingefika kilo 9. Hata kijana wa kupanda ngazi angeshukuru.

Cha tatu ni ukurasa wa Afisa. Huo tunauandika Jumamosi ijayo ofisini kwangu. Mtu wa Dar anayetaka aje. Cherehani, kama unashuka Dar karibu sana, tuna suala la pindo.

#18 Bepari_Mstaarabu

Mkuu, nina swali la dhati sasa, utani pembeni. Atakayeingia kwenye hilo kundi lenu, akachukua kitambaa cha pamoja, hela hakuleta, mnamfanyaje? Maana nimekuwa kwenye vikundi vya upatu vinne, vyote vilikufa hivyo.

#19 Mzee_wa_Keko

Kitambaa akichukue mwenye hela mkononi. Kukopeshana kunakuja mwaka wa tatu. Hata KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Wachaga wa 1933, ulianza na watu kuleta kahawa kwanza, hela baadaye.

#20 Cherehani_Arusha

Nakuja. Nina mzigo wa kuleta Kariakoo Ijumaa.

#21 Mchapaji_Ilala (baada ya wiki tisa)

Wakuu, nimeahidi kuleta mrejesho.

Tulikuja kumi na moja Jumamosi ile. Waliobaki mpaka leo ni ofisi saba. Wanne walipotea baada ya kusikia hatupangi bei. Sawa.

Faili la kanda linafanya kazi kuliko kitu chochote. Si kwa sababu ya mazingira, tusidanganyane, ni kwa sababu siku ya kwanza tu kila mtu aliona hela yake sakafuni. Kijana wangu wa mashine sasa hakati roli bila kutazama simu. Kuna wiki mbili faili lilikufa kwa sababu mmoja alituma kazi yenye rangi mbaya ikamchelewesha mwenye mashine, wakanuniana. Tukaongeza sharti: faili lifike limekamilika, ukirekebisha baada ya hapo unasubiri ukanda mwingine.

Kitambaa, mzigo wa kwanza ulitutia aibu. Mabango 12 ya duka moja la vifaa vya ujenzi, upepo wa siku tatu, vishimo vya pembe vikachanika vyote. Tulikuwa tumekunja pindo moja kama fleksi. Cherehani akatuonyesha: pindo mbili, katikati unapitisha mkanda ule wa begi, ndipo kishimo kinatobolewa juu ya mkanda. Tumeyarudia yote 12 kwa gharama zetu. Tangu hapo hakuna lililorudi, na hilo pindo limeingia kwenye ule ukurasa neno kwa neno.

Ukurasa wenyewe una ofisi saba chini. Tumeupeleka sehemu tano. Wawili wamepokea na kugonga mhuri, mmoja ametuomba sampuli ya kitambaa, wawili kimya. Afisa Kivuli, kama wewe ni mmoja wa hao wawili waliokaa kimya, nitaumia sana.

Stoo bado imejaa. Dada Mizani alikuwa sahihi, Cherehani alikuwa sahihi. Tumeshona mikeka ya mafundi wa magari 30, imeisha yote gereji za hapa nyuma, lakini ni kilo chache. Kopo la Otis tumelianza, kila roli ya fleksi inayofunguliwa inatoa kitu, na ndicho kinachomlipa kijana wa kushusha na kupanga mabango yanayorudi kwa ukubwa, ili mama wa genge akija asichague kwenye lundo.

Na yule mteja wa tamasha amerudi. Hakuja kwangu, alikwenda kwa jirani moja kwa moja. Jirani akamwambia kuhusu kitambaa na kipande cha tarehe. Mteja akasema hebu ngoja, akavuka barabara kuja kwangu kuuliza. Nilishindwa kujizuia, nikacheka mbele yake. Bado hajaamua, anasema anaongea na bosi.

Jumamosi hii tunakutana tena saa nne asubuhi, kwa jirani safari hii. Aliyeondoka na ule mkasi wangu mkubwa wa mpini mweusi kikao kilichopita, nauhitaji kesho.

#22 Cherehani_Arusha

Uko Arusha. Samahani kaka. Nautuma kwa basi la jioni.